Kanzidata ni Daftari la Taifa

MWAKA 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Uamuzi huo haukuzuka hivi hivi. Kompyuta ya kwanza ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na hesabu za Hazina zilipohamishiwa katika mashine, hasara ikaizidi faida iliyotarajiwa. Mitambo ilikuwa ya kigeni, na utaalamu wa kuiendesha, kwa sehemu kubwa, ulikuwa wa kigeni pia.

Ni rahisi leo kuicheka marufuku hiyo. Hapana shaka kwamba kufunga mlango hakukutupatia wataalamu, kulituchelewesha. Lakini swali lililokuwa nyuma yake lilikuwa la haki, nalo bado linadai jibu: mtambo ni wa nani, na ukiharibika ni nani awezaye kuutengeneza?

Swali hili si la wahandisi peke yao. Mwalimu wa shule ya msingi wilayani Butiama hujaza taarifa za utendaji wake katika PEPMIS, na akitaka uhamisho huomba kupitia ESS. Mwananchi anayelipa ada ya Serikali hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotoka katika mfumo wa GePG, ulioanza mwaka 2017. Nyuma ya kila mfumo ipo kanzidata, yaani daftari kubwa lenye majina, vyeo, madeni na haki za watu. Daftari hilo likipotea au likipotoshwa, mshahara huchelewa na haki ya mtu hupotea.

Sasa katika ulimwengu wa kanzidata yametokea mambo ambayo hatuna budi kuyatazama kwa makini. Yapo makampuni yaliyotoa programu zao bure, zikaenea duniani kote, kisha yakabadili masharti ya leseni. MongoDB ilifanya hivyo mwaka 2018. Redis ilifanya hivyo mwezi Machi 2024, na baada ya watumiaji wengi kuhamia kwingine, mwaka 2025 ikarejesha leseni ya programu huria. Kwa upande mwingine, PostgreSQL, iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986, haimilikiwi na kampuni yoyote. Mtu yeyote anaweza kuisoma, kuirekebisha na kuitumia, wala hakuna mwenye uwezo wa kumnyang'anya. Atakayejenga nyumba katika kiwanja cha mwenziwe asishangae akiambiwa ahame.

Tunao mfano wetu wa kujivunia. Mfumo wa taarifa za afya wa DHIS2, ambao leo hutumiwa katika nchi zaidi ya 70, ulitokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Oslo na vyuo vya nchi za Kusini, kikiwamo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Programu yake ni huria, na kanzidata yake ni PostgreSQL. Mifumo ya GePG na MUSE nayo ilisanifiwa na wataalamu wa Kitanzania. Ni dhahiri, basi, kwamba uwezo tunao. Kinachotakiwa ni kuulinda: kijana anayeijua kanzidata ya Taifa kwa undani atunzwe na apewe nafasi ya kujiendeleza, kwa maana akiondoka, huondoka na ufunguo.

Jambo la pili ni akili mnemba. Mashine sasa huandika programu kwa dakika chache, na wapo wanaodhani kwamba mtaalamu hahitajiki tena. Hilo ni kosa. Mashine inaweza kuandika amri inayofuta kumbukumbu za wilaya nzima kwa ufasaha uleule inaotumia kuzihifadhi. Msanifu asiyeielewa kazi aliyoandikiwa amerudi palepale tulipokuwa mwaka 1974: anao mtambo asioweza kuutengeneza. Chombo hicho kitumike, lakini vyuo vyetu viendelee kufundisha misingi, na hakuna programu iingie kazini kabla ya kukaguliwa na mtu anayeielewa.

Hata hivyo kanzidata haianzii Dodoma. Inaanzia kijijini. Chuo cha Maendeleo ya Jamii Buhare, mjini Musoma, huwaandaa maofisa ambao kazi yao ni kuketi na wananchi na kuzijua kaya zao. Ofisa wa namna hiyo akiandika idadi ya kukisia, hakuna programu duniani itakayoigeuza kuwa kweli. Mwalimu akijaza mahudhurio ya wanafunzi wasiokuwapo, madawati na vitabu vitapelekwa pasipohitajika, na penye shida patakosa.

Aidha, kila mtumishi akumbuke kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamhusu. Nywila ya ofisi si mali ya kuazimana, na taarifa za mgonjwa au mwanafunzi si habari za barazani.

Marufuku ya mwaka 1974 ilikuwa jibu la woga kwa swali la busara. Jibu linalotufaa leo ni kuchagua programu tunazoweza kuzimiliki, kuwasomesha wanaozitengeneza, na kuziingizia taarifa za kweli. Daftari la Taifa liandikwe kwa mkono wetu, na lisomeke kwetu.