Kamera Ibaki kwa Mwenyeji

Kwa miaka ya karibuni pwani yetu imepata wageni wa namna ya peke yake. Hawaji kuota jua ufuoni wala kununua vinyago. Huja na kamera, vinasa sauti, rangi na kompyuta za mkononi, na wengi wao hawana mshahara kwa kazi hiyo. Wanajitolea ustadi wao kuzisaidia harakati za kupambana na mabadiliko ya tabianchi: huyu huchora mabango, yule hupiga filamu, mwengine hutafsiri vijitabu au husanifu maneno ya kuandikwa kwenye fulana. Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone, nami simo katika wanaowakunjia uso. Lakini nina neno nao, na nina neno kubwa zaidi na sisi wenyewe.

Wako wanaouliza: picha na mabango yana kazi gani mbele ya bahari inayopanda? Sidai kwamba bango huzima moshi. Ila hebu na tuutazame mkasa wa Lamu. Palikusudiwa kujengwa huko Kwasasi mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, wa megawati 1,050, ambao ungalikuwa wa kwanza wa aina hiyo katika Kenya, karibu na mji ambao UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. NEMA ilitoa kibali mwaka 2016. Wenyeji, kupitia muungano wao wa Save Lamu, wakalipeleka jambo hilo mbele ya baraza la kitaifa linalosikiliza rufani za mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 baraza likakifuta kibali kile.

Jambo ninalotaka mlishike ni sababu yake. Katika zile zilizotangulia mbele ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hawakupewa habari za kuwatosha kujua mradi ule ungewaletea nini. Ilionekana vilevile kwamba sheria ya tabianchi ya mwaka 2016 haikuzingatiwa. Kwa hiyo kesi nzima ilikaa juu ya maswali haya: nani kaambiwa, kaambiwa nini, na je, alielewa? Mzee aliyetumia umri wake baharini hupewa kitabu kinene cha kitaalamu, tena cha Kiingereza, kisha huandikwa kwamba ameshauriwa! Kukifungua kitabu kama hicho hata mzee yule na mkewe wakajua kilichomo ni kazi ya mwandishi, ni kazi ya mchoraji, ni kazi ya mwenye kinasa sauti. Basi hapo ustadi wa hawa wanaojitolea una thamani ya wakili.

Tatizo ni kwamba kazi nyingi za namna hii hazitengenezwi kwa ajili ya mzee yule. Hutengenezwa kwa ajili ya watu wa mbali. Mgeni hushuka gatini asubuhi, humtafuta mvuvi mwenye makunyanzi na wavu uliotatuka, humweka mahali penye mwanga, hubonyeza, na jioni yuko njiani kurudi. Picha hutundikwa ukutani katika ukumbi wa Ulaya, watu wakasikitika na kupiga makofi, na mwenyewe aliyepigwa haioni mpaka kufa kwake. Na mara nyengine hapana hata idhini iliyoombwa. Kwetu sisi ua wa nyumba ni sitara. Mwanamke anayechota maji kisimani kwake hakuvaa kwa ajili ya hadhara, na kumpiga picha kwa kuwa kisima chake kimeingia chumvi ni kumwongezea msiba juu ya msiba. Nia njema haihalalishi jambo hilo. Anayekuja kutusaidia na abishe hodi, angoje kuitikiwa, na akijibiwa hapana basi aondoke kwa heri.

Kisha kuna lugha. “Mabadiliko ya tabianchi” ni maneno mazuri na sina ugomvi na walioyatunga. Lakini mkiyapeleka kama yalivyo kwa nahodha wa Faza atawaitikia kwa adabu tu, na yatakuwa yameishia hapo. Yeye ana maneno yake. Anajua kaskazi na kusi, anajua matlai, anajua bamvua na maji mafu. Mababu zake waliuhesabu mwaka tangu Nairuzi, kwa miongo ya siku kumi kumi, wakajua mwongo gani wa kupanda na mwongo gani wa kuingia baharini. Mwulizeni basi kama hesabu ile ingali inakwenda sawa na pepo. Mwulizeni bamvua linafika wapi sasa na lilikuwa likifika wapi zamani. Hapo mtaona mazungumzo yanavyokolea, na mtatoka na habari ambayo haimo katika vijitabu vyenu.

Gazi, huko Kwale, walilifahamu jambo hili mapema. Mradi wao wa kuhifadhi msitu wa mikoko na kuuza hewa ya ukaa, ulioanza mwaka 2013, waliuita Mikoko Pamoja. Jina hilo halihitaji mkalimani. Mtoto wa Gazi au wa Makongeni akilisikia anajua ni kitu gani na ni cha nani.

Mfano mwengine si wa pwani, ni wa Ukambani, na naupenda sana. Kisilu Musya ni mkulima wa Kitui. Mtengenezaji filamu kutoka Norway, Julia Dahr, alikutana naye akampa kamera ili ajirekodi mwenyewe: shamba lake, jamaa zake, ukame na mafuriko. Kazi hiyo ilichukua miaka kadhaa. Mwaka 2015 mkulima huyu alifika Paris, kwenye mkutano mkuu wa Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi, na mwaka 2017 ikatoka filamu iitwayo Thank You for the Rain, ambayo ndani yake zimo picha alizozipiga kwa mkono wake. Huko ndiko kujitolea ninakokusudia. Bibi yule hakuja kuchukua sura ya mtu akaenda nayo; alimwachia mwenyeji chombo, na mwenyeji akasema yake.

Sasa ninarudi kwetu. Sisi si watu wa kufundishwa kwamba neno lililopambwa lina nguvu. Katika karne ya kumi na tisa, Lamu na Mombasa walipoingia katika vita vya Kuduhu, mashairi yalikwenda na kurudi baina ya miji hiyo, kila upande ukijibu upande wa pili. Yamekusanywa katika kitabu cha Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff kilichotoka mwaka 1995. Ushairi wakati ule ndio uliokuwa gazeti. Na leo je? Tazameni arusi zetu. Hapana mtaa wa Mombasa, Malindi wala Lamu usiokuwa na kijana anayepiga video, anayesanifu kadi, anayeunganisha sauti na picha ikatoka kazi safi kabisa. Wako waandishi wa khati, wako waimbaji wa kaswida, wako mabinti wanaotunga mashairi kwenye simu zao usiku kucha. Ustadi tunao. Tunautumia kwa bibi arusi na kwa matangazo ya maduka, kisha tunangoja mtu apande ndege aje kutupigia picha mikoko yetu!

Tulipokuwa chuoni, mwalimu alitufundisha fardhi kifaya kwa mfano wa maiti: wakitokea watu wakamwosha na kumzika, wengine wote wamesalimika, asipotokea mtu, dhambi ni ya mji mzima. Mimi si mufti, wala sitoi fatwa. Nauliza tu: maji matamu ya Lamu yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, yakiharibika na hapana aliyewaeleza watu kwa lugha yao, mji utajitetea kwa lipi?

Ninawaomba vijana wa video za arusi alasiri moja tu kwa mwezi. Wawakaribishe wageni hawa wanaojitolea, wajifunze kwao yale wasiyoyajua, na wao wawafundishe wageni kubisha hodi. Kila filamu ionyeshwe kwanza pale pale ilipopigwa, shuka nyeupe ikitundikwa ukutani barazani, na nakala yake ibaki hapo. Sauti zipelekwe Radio Rahma na stesheni nyengine zetu, maana mvuvi akiwa kazini hasomi, husikiliza. Na kazi ya kwanza iwe ni kuwarekodi wazee wanaojua hesabu ya Nairuzi na miongo yake. Waliobaki ni wachache, na baadhi yao hawatoki tena majumbani.