Kumwokoa mbwa si klipu ya sekunde thelathini

Klipu hizo umeziona. Mwanzoni kuna mbwa amelala kando ya jaa la taka, mbavu zinahesabika, manyoya yametoka mabaka mabaka. Kidogo anaogeshwa kwenye karai. Kabla hujapepesa macho, mbwa huyo huyo anakimbia kwenye nyasi, ananawiri, piano inalia kwa nyuma. Unabonyeza laiki. Jioni ukishuka matatu unamwona yule wa kahawia anayelala karibu na jiko la muuza mahindi, na wazo linakujia: kwani nikimpeleka keja kuna ubaya gani?

Hakuna ubaya. Lakini kabla hujamwita kwa kipande cha smoki, sikiza. Kati ya karai na zile nyasi klipu imeruka miezi, na ni katika miezi hiyo ambapo watu hushindwa. Mbwa anakojolea kochi, anabweka usiku kucha, keateka anapiga simu, na mwokozi anamrudisha alikomtoa. Sasa huyo mbwa ametupwa mara mbili. Mara ya tatu mtu akimnyooshea mkono, hataukaribia.

Kwa hivyo leo nina jambo moja la kukwambia: mbwa aliyetelekezwa hahitaji huruma yako ya siku moja, anahitaji ratiba yako. Huruma kila mtu anayo. Ratiba ndiyo ngumu.

Mimi si mtaalamu. Chuo niliacha mwaka wa pili, na hata kozi yenyewe haikuhusu wanyama. Ninachojua nimekipata kwa kumsumbua daktari wa mifugo na maswali, kwa kusoma, na kwa kuishi na Chapo, mbwa jike mwenye rangi ya chapati iliyoungua kidogo, aliyekuja kwangu na alama ya mnyororo shingoni.

Hiyo alama ya mnyororo ndiyo inanileta kwa jambo ambalo wengi hatulioni. Tukisema mbwa aliyetelekezwa, tunawaza mbwa koko. Lakini zunguka mtaani kwenu uhesabu mbwa wenye wenyewe. Kuna anayefungiwa kwenye kibanda cha mabati kutoka asubuhi hadi usiku, jua likiwaka, eti akiona watu mchana hatakuwa mkali. Kuna anayelishwa pilipili kwa imani hiyo hiyo. Kuna anayekula ugali mkavu siku wakikumbuka, na maji yake yana rangi ya kijani. Huyo ana jina na ana geti, lakini hali yake haina tofauti na ya yule wa jaani. Na mbwa aliyefungwa maisha yake yote hawi mlinzi bora. Anakuwa mwoga, na mwoga ndiye huuma ovyo, hata mtoto wa mwenye nyumba.

Isitoshe, hilo ni kosa. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inakataza kumpiga mnyama kikatili, kumnyima chakula na maji, kumfunga kwa mnyororo mfupi au mzito kupita kiasi, na kumtelekeza bila sababu. Kumrudisha mbwa barabarani kwa kuwa amekuchosha pia ni kumtelekeza, hata kama ulimtoa hapo hapo.

Haya, tuseme umeamua. Cha kwanza si kuoga. Najua klipu huanza na povu, lakini mbwa aliyedhoofika akiogeshwa maji baridi na mikono ya mtu asiyemjua, umempa baridi na hofu kwa pamoja. Mpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo. Atamwangalia ufizi kama umepauka, maana kupe huleta magonjwa yanayokausha damu. Atampa dawa ya minyoo na viroboto, na kutazama ngozi. Akimkuta na uvimbe unaotoa damu sehemu za siri, usikate tamaa mara moja. Kuna saratani ambayo mbwa huambukizana wakipandana, na mara nyingi hupona kwa sindano za kila wiki. Umeona? Hata tiba yenyewe ni ratiba.

Ngozi nayo ina waganga wengi mtaani. Utaambiwa umpake oili chafu ya gari. Usimpake. Mbwa hujilamba, na oili hiyo ni sumu. Utaambiwa umwogeshe dawa ya kupe ya ng'ombe. Kipimo cha ng'ombe kinaweza kumuua mbwa. Na zile tembe zako za maumivu ya kichwa, paracetamol na ndugu zake, weka mbali. Ukurutu hutibika kwa dawa sahihi, lakini manyoya hayarudi wiki hiyo. Aina moja ya ukurutu huambukiza binadamu pia, kwa hivyo mpaka daktari aseme sawa, mbwa asilale kitandani kwako.

Chakula ndipo huruma inaweza kuua kabisa. Mbwa aliyekaa na njaa kwa wiki nyingi ukimjazia sufuria ya matumbo na ugali siku ya kwanza, mwili wake unaweza kushtuka, madini kwenye damu yakavurugika, na moyo ukagoma. Anza na kidogo, mara tatu au nne kwa siku, uongeze polepole kadiri daktari atakavyokuelekeza. Wali laini na kuku aliyetolewa mifupa unatosha kuanzia. Usimpe mifupa iliyopikwa, kwa sababu inavunjika vipande vyenye ncha. Usimpe vitunguu, zabibu wala chokoleti.

Sasa jiulize: mara nne kwa siku, nani atampa? Kama unatoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa tatu usiku, cha saa saba mchana kitaliwa vipi? Hili ndilo swali la kujibu kabla hujamgusa. Kama unaishi na dadako au rafiki mliyegawana kodi, mmekubaliana? Au umeamua peke yako, halafu atakayesafisha mavi ni mwingine?

Mwili ukishapona bado hujamaliza. Wanaohifadhi mbwa wana kanuni ya kukadiria tu: siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu. Siku tatu za kwanza mbwa anaogopa, anajificha, huenda asile. Kufikia wiki ya tatu ameanza kujua mlango uko wapi na chakula huja saa ngapi. Miezi mitatu ndipo anaanza kuamini kwamba hapa ni kwao. Si sheria ya mawe. Wengine huchukua mwaka, na wengine hubaki na woga fulani maisha yote.

Chapo alikaa siku kumi na moja chini ya meza bila kula nikiwa chumbani. Nilikuwa naweka sahani, natoka, nasikia ulimi ukigonga bati, nikirudi kila kitu kimeisha na yeye amerudi kwa ukuta. Siku ya kumi na mbili alikula nikiwa nimeketi mlangoni, nimempa mgongo. Hakuna muziki ulicheza. Nilichofanya ni kuweka sahani ile ile, mahali pale pale, saa ile ile. Wazee walisema mkono mtupu haulambwi. Mimi ningeongeza kwamba mkono wenye chakula ukija leo na kupotea kesho, nao hauaminiki.

Mbwa wa aina hiyo usimkodolee macho, usimwinamie kichwani, usimkumbatie kwa sababu wewe ndiwe unahitaji kukumbatiwa. Keti chini, mpe ubavu, acha aje mwenyewe. Akinguruma, usimpige. Kunguruma ni lugha, anakwambia "hapo sipataki." Ukimpiga hadi aache kunguruma hujaondoa woga, umeondoa onyo tu, na siku nyingine atauma moja kwa moja. Akikojoa ndani, usimsugue pua kwenye mkojo. Mtoe nje akiamka na kila baada ya kula, na akikojolea nje msifu hapo hapo. Tena mzoeze kubaki peke yake kidogo kidogo, dakika tano, kumi, nusu saa, ndipo siku ukienda kazini asiudhani mlango huo umefungwa milele.

Halafu kuna majirani. Ploti si shamba la babu. Soma mkataba wa nyumba kabla, na uongee na keateka ana kwa ana, si kumwingiza mbwa usiku ndani ya begi. Huenda mama wa mlango wa pili ni Mwislamu anayehitaji mahali pake pa kuswali pawe safi bila mate ya mbwa, au ana mtoto aliyewahi kuumwa. Hao si maadui wa mbwa wako. Mfunge kamba mkishuka ngazi, beba karatasi uzoe uchafu wake, na utaona wengi wakilegea.

Na chanjo. Hii si hiari. Kichaa cha mbwa, dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo. Hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa watu hutoka kwa mbwa. Kenya ilizindua mpango wa kuutokomeza mwaka wa 2014, ikilenga 2030, na hesabu yake ni rahisi: chanja angalau asilimia 70 ya mbwa, mwaka baada ya mwaka, na ugonjwa unakosa njia ya kupita. Mbwa wako mmoja yumo kwenye hesabu hiyo. Mchanje, weka kadi, rudia daktari anavyokupangia. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje uone kama mbwa atakufa.

Hapo pia ndipo nina jibu kwa wale wanaoniuliza, "Watu wanalala njaa na wewe unatuletea stori za mbwa?" Swali ni la haki. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Mbwa anayetupwa leo kwetu, kesho anazaa kwenye mtaro ambao watoto wetu hupita wakienda shule. Na ukitaka kujua kama maskini wana nafasi ya mbwa, pita katikati ya jiji alfajiri uone vijana wanaolala nje na mbwa wao ubavuni, wakigawana mkate. Hao hawajawahi kuniuliza swali hilo.

Kama baada ya kusoma haya umeona huwezi, vizuri. Hilo ni jibu la mtu mzima, na bado unaweza kusaidia. Changisha na mabeste wako pesa za kumhasi mbwa mmoja wa mtaa. Mimba ya mbwa ni kama miezi miwili tu na huzaa watoto kadhaa kwa mpigo, kwa hivyo jike mmoja aliyefungwa uzazi amezuia njaa nyingi. Fuatilia lini kaunti inaleta chanjo karibu na kwenu, uwapeleke. Ukiona mbwa anayeteswa nyuma ya geti, ripoti polisi au kwa KSPCA, shirika la kutetea wanyama lenye makao yake Karen, Nairobi. Na ukiwa tayari kumchukua mmoja, anzia huko kabla ya kununua mbwa wa fasheni mtandaoni. Watakuuliza maswali mengi. Usikasirike, maswali hayo ni ya kumlinda mbwa asirudi tena.

Na kama bado yule wa kahawia wa pale kwa mahindi hajakutoka akilini, jipe mtihani kwanza. Kwa wiki mbili, amka saa kumi na mbili, toka nje utembee dakika ishirini, mvua inyeshe isinyeshe. Rudi nyumbani mapema kila jioni, Ijumaa ikiwemo. Kila siku weka kando pesa ya chakula chake kwenye M-Pesa na usiiguse. Ukimaliza siku kumi na nne bila kuruka hata moja, tafuta daktari, tafuta kamba, nenda ukamlete. Ukishindwa siku ya nne, hakuna aliyeumia. Mpelekee maji ukipita, umwachie nafasi mtu mwenye ratiba.