Huo ni Mto au Ukuta?



Watoto wa parokia yetu walitaka kuigiza Ubatizo wa Bwana, nami karani nikaagizwa kuchora mto Yordani na miti yake. Akina mama wakatoa shuka jipya jeupe. Likumbukeni shuka hilo, maana si kitu cha kuchezea.

Nikapaka miti yote kijani kimoja, ya mbali na ya karibu, na maji buluu tupu toka ukingo hata ukingo. Mzee mmoja mvuvi akatazama, akauliza, "Bwana Karani, huo ni mto au ukuta?" Kesho yake alfajiri akanichukua mpaka ziwani. "Tazama kwanza," akasema. Chuoni nilifundishwa kuchora. Kutazama nilikuwa sijajifunza.

Basi nawaambieni niliyoyaona. Mti wa karibu ulikuwa mzito, karibu kuwa mweusi, na majani yake yalihesabika. Wa mbali ulififia kama moshi, wala hukuona jani. Sababu ni hewa iliyo kati yetu na vitu vya mbali, pamoja na unyevu wake: kadiri inavyozidi, ndivyo vitu vinavyopauka na kuelekea buluu. Leonardo da Vinci alilijua sana jambo hili. Wengi mnayo nyumbani picha ya Karamu ya Mwisho, aliyoichora ukutani huko Milan kabla ya mwaka 1500. Chungulieni madirishani nyuma ya Bwana Yesu, mtaviona vilima vilivyopauka hivyo hivyo.

Maji nayo huazima rangi ya mbingu. Na sura ya mti majini hushuka wima chini ya mti wenyewe. Haiendi upande kama kivuli cha jua. Hapo ndipo wengi wetu hukosea.

Nikarudi, nikafunika yote kwa rangi nyeupe, nikaanza upya. Kwanza mbingu na vilima, nyeupe nyingi na buluu kidogo. Kisha miti ya kati. Mwisho ya karibu. Penye ukungu nikapangusa mashina kwa kitambaa chenye maji kabla rangi haijakauka, miti ikawa kama inaelea.

Mzee akaja, akasimama kitambo, akauliza kama mna samaki. Shuka halitatandikwa kitandani tena, na akina mama hawajaniambia neno.