KAZI ZA MIKONO NYUMBANI: Kuitunza Vespa, na Sababu ya Kuanza na Breki



Mwezi huu nataka kusema nanyi juu ya skuta, yaani pikipiki ndogo yenye magurudumu madogo na mahali pa kuwekea miguu mbele ya kiti. Nitaisema hasa ile iitwayo Vespa, ambayo wenzetu wa Unguja wameizoea sana, na ambayo hata bara wako wenye kuitumia kwenda kazini, shuleni na sokoni.

Neno langu ni hili. Kazi nyingi za Vespa zaweza kufanywa nyumbani kwa spana chache na saburi. Lakini ziko kazi ambazo kosa lake halilipwi kwa fedha, bali kwa mwili wa mtu. Mwenye nyumba yampasa azijue za namna zote mbili, wala asizichanganye. Tena, akiwa na akiba kidogo ya kuiongezea skuta yake ubora, na aanze na kile kinachoisimamisha kabla ya kile kinachoikimbiza.

Kwanza tujue chombo hiki kilitoka wapi, kwa maana asili yake yatufundisha namna ya kukitunza. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kiwanda cha Piaggio kilichokuwa kikitengeneza ndege huko Pontedera, Italia, kilikuwa kimeharibiwa kwa mabomu. Enrico Piaggio alitaka kutengeneza chombo ambacho watu wengi wangeweza kukinunua, akampa kazi hiyo Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege. Bwana huyu hakuzipenda pikipiki: zilichafua nguo kwa mafuta, na tairi likitoboka ilikuwa taabu kulitoa. Kwa hiyo aliifunika injini kwa bati, akauondoa mnyororo, na gurudumu la mbele akalishika kwa mkono wa upande mmoja tu, kama gurudumu la ndege, ili lipate kutolewa upesi. Hati ya uvumbuzi huo iliombwa tarehe 23 Aprili 1946. Neno vespa kwa Kiitalia maana yake ni nyigu. Mwaka 1977 ikatokea namna mpya iliyokuja kuitwa PX, na kampuni ya LML huko India nayo ikatengeneza za sura hiyo hiyo. Nitakayoyasema hapa ni ya Vespa za namna hiyo, zenye gia za mkono na injini ya mapigo mawili. Mwenye skuta ya namna nyingine na afuate kitabu cha chombo chake.

Basi, tuanze na mahali pa kazi. Fanya kazi nje, kivulini, mahali penye upepo. Usiiwashe injini ndani ya chumba, kwa kuwa moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua mtu kimya kimya. Jiko la mkaa na kibatari viwe mbali, wala mtu asivute sigara karibu. Petroli iwekwe katika chombo chake chenye kifuniko na alama, kamwe isitiwe katika chupa ya soda au ya maji, maana mtoto mwenye kiu hajui tofauti. Akiimeza, msimlazimishe kutapika. Mpelekeni hospitali upesi.

Jambo la pili ni mchanganyiko wa oili na petroli. Katika injini ya mapigo mawili, petroli hupita kwanza ndani ya tumbo la injini, na oili iliyomo ndiyo inayolainisha pistoni na beringi. Pasipokuwa na oili, chuma husugua chuma, hupata moto, na injini hunata. Mafundi husema imenoki. Vespa PX yahitaji oili sehemu 2 kwa 100, yaani mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli, au mililita 20 kwa lita moja. Zile za zamani zaidi nyingi zilihitaji sehemu 5 kwa 100. Tumia oili iliyotengenezwa kwa injini za mapigo mawili, wala si oili chafu iliyomwagwa kutoka katika gari. Pima kwa chupa yenye alama, usikisie kwa jicho. Mtu aweza kusema, "Nikizidisha oili si ndiyo salama zaidi?" Sivyo. Oili ikizidi, plagi huchafuka, na masizi huziba ekzosi hata injini hukosa nguvu. Tena angalieni: ziko PX zenye tangi la pekee la oili, ambazo hujichanganyia zenyewe. Hizo zitiwe petroli tupu, na tangi la oili lisiachwe kukauka.

Tatu ni plagi. Ngojeni injini ipoe, kisha ifungueni na kuitazama uso wake, maana hueleza hali ya injini kama ulimi uelezavyo hali ya mgonjwa. Ikiwa na rangi ya kahawia, mambo ni mema. Ikiwa nyeusi na yenye majimaji, petroli au oili imezidi, au cheche ni dhaifu. Ikiwa nyeupe, injini yapata moto kupita kiasi: pengine kabureta imezibwa na uchafu, pengine hewa yaingia mahali isipotakiwa. Weupe huo msiudharau, kwa kuwa ndio mwanzo wa kunata. Nafasi ya cheche ni kama milimita 0.6. Mnapoirudisha, anzeni kuizungusha kwa vidole, si kwa spana, kwa sababu kichwa cha silinda ni cha aluminiamu, na nyuzi zake zikiharibika gharama ni kubwa.

Nne ni oili ya gia, ambayo ni nyingine kabisa na ile ya kuchanganya. Kiasi chake ni mililita 250, ya namna ya SAE 30. Ondoeni ya zamani injini ingali na joto kidogo, ipate kushuka yote pamoja na uchafu wake. Oili hiyo ikipungua bila kuonekana chini, na moshi mweupe ukawa mwingi, yamkini sili ya upande wa klachi imechakaa, na injini yainywa oili ya gia. Hapo mwiteni fundi, kwa maana kuibadili sili hiyo ni lazima injini ipasuliwe.

Tano ni magurudumu. Hapa nawasihi msome polepole. Rimu ya Vespa hii ni vipande viwili vilivyoungwa kwa bolti na nati. Ziko basi nati za namna mbili: zile zinazolifunga gurudumu kwenye ngoma ya breki, na zile zinazoviunga vipande viwili vya rimu. Spana ya 13 huzifungua zote, na hapo ndipo hatari ilipo. Mtu akizilegeza nati za kuunga rimu tairi likiwa na upepo, vipande vyaweza kuruka kwa nguvu na kumvunja taya au mkono. Kwa hiyo lifungueni gurudumu zima kwanza, toeni upepo wote, ng'oeni na sindano ya valvu, ndipo mziguse nati za rimu. Mnapoirudisha, tieni upepo kidogo sana katika mpira wa ndani, upate umbo lake wala usibanwe kati ya vipande. Nati za gurudumu zikazwe kwa kuvuka, moja hapa na nyingine ng'ambo yake, kisha zitazamwe tena baada ya safari fupi. Upepo wa PX ni paundi 18 mbele. Nyuma ni 25 akiwa mtu mmoja, na 36 wakiwa wawili.

Sasa nafika kwenye breki. Marekebisho ya nje yaweza kufanywa nyumbani. Simamisheni chombo kwa stendi yake, zungusheni gurudumu: breki ikiachwa, lizunguke bila kusugua, ikishikwa, lisimame kabisa. Skrubu ya kurekebishia iko mwisho wa waya. Waya wenyewe utazameni kwa makini. Uzi mmoja ukikatika, msingoje wa pili, badilini waya wote. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe waweza kuwa kaburi.

Marekebisho ya nje yakiisha na breki ingali haishiki, viatu vya breki vimekwisha, au vimelowa oili iliyovuja kutoka giaboksi. Viatu vilivyolowa msivioshe kwa petroli na kuvirudisha. Sili itengenezwe kwanza, kisha viwekwe vipya. Vumbi la ndani ya ngoma msilipulize kwa mdomo, kwani viatu vya zamani vilitiwa asbestosi, madini yanayodhuru mapafu. Lipanguseni kwa kitambaa kibichi. Na ili kufika huko nyuma, hapana budi kuifungua nati kubwa ya katikati, ambayo hukazwa kwa nguvu nyingi na kufungiwa pini. Asiye na spana ya kupimia nguvu amwachie fundi. Wala si aibu. Simama karibu naye, mwombe akuonyeshe viatu vya zamani, na uone kwa macho yako kwamba pini mpya imetiwa.

Basi, namna gani juu ya kuongeza nguvu? Najua vijana wengi hutamani jambo hilo. Madukani huuzwa silinda kubwa zaidi. Mathalani, ziko za kuifanya Vespa ya sentimita za ujazo 125 au 150 kuwa ya 177. Kazi yaonekana nyepesi: nati nne za kichwa, silinda na pistoni mpya, kwisha. Lakini fikirini mambo matatu. Kwanza, silinda mpya yahitaji kabureta irekebishwe na jeti yake ibadilishwe. Asiyejua hilo huinyima injini petroli, nayo hupata moto na kunata njiani. Injini ikinata, gurudumu la nyuma hufungika papo hapo, na mpandaji huvuta klachi mara moja au huanguka. Pili, mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ambayo breki yapaswa kuimaliza huongezeka mara nne. Yaani, kwa breki zile zile, atokaye kilomita 30 kwa saa hata 60 hahitaji njia mara mbili ya kusimama, bali mara nne. Tatu, magurudumu haya ni madogo, ya inchi 10. Shimo ambalo pikipiki kubwa hulivuka, skuta huingia ndani yake.

Na kuna la nne, ambalo si la vyuma. Katika nyumba nyingi aketiye nyuma ni mama, na mara nyingi katikati yupo mtoto. Mpandaji ameshika usukani, yeye aweza kuchagua mwendo wake. Aketiye nyuma hana breki mkononi mwake. Mwenye nyumba anapoitengeneza skuta, aitengeneze akimfikiri huyo.

Kwa hiyo, aliye na fedha za kuboresha, na azitumie kwa taratibu hii. Kwanza viatu vya breki vipya, waya mpya, na matairi yenye meno. Pili taa: PX nyingi zina umeme wa volti 12, lakini zile za zamani za volti 6 hutoa nuru hafifu, na fundi mjuzi aweza kuzigeuza. Tatu, akipata, breki ya diski ya mbele, ambayo PX zenyewe zilianza kutiwa katika miaka ya 1990 na kitu. Akiisha kumaliza hayo yote, na kofia ngumu zikawapo za kila apandaye, hapo ndipo aanze kufikiri habari za silinda. Nadhani wengi wakifika hapo wataona kwamba injini waliyo nayo yawatosha.

Mwisho, nawapa utaratibu mfupi wa kubandika ukutani. Kila safari: breki zote mbili, taa, na macho juu ya matairi. Kila wiki: upepo wa matairi, na nati za magurudumu. Kila mwezi: plagi, nyaya zote, na chini ya giaboksi kutazama kama oili yavuja. Mkabidhini mtoto mkubwa kazi ya kuusoma utaratibu huo kwa sauti, na baba au mama atazame. Hivyo chombo kitatunzwa, na mtoto naye atajifunza kazi kabla hajajifunza kuendesha.