Wangu ni Jina, Si Tusi

Mwaka uliopita nilikwenda Kangema kuwatazama walimu wanafunzi wa chuo chetu wakifanya mazoezi ya kufundisha. Asubuhi moja niliketi nyuma ya darasa, na mwalimu mwanafunzi, kijana mpole ambaye si mwenyeji wa Murang'a, akafungua rejista akaanza kuita majina. Akina Wanjiru waliitika watatu, akina Wambui wawili, akina Njeri wawili. Kisha akafika penye jina moja, akalitamka kama lilivyoandikwa: "Wangu." Darasa likacheka. Mvulana mmoja akauliza, "Wako wewe, mwalimu?" Kicheko kikazidi. Mwingine akasema kwa sauti ya chini, lakini iliyokusudiwa kusikika, "Jihadharini, atatukalia migongoni!" Msichana mwenye jina akainamisha kichwa. Wakati wa mapumziko alimfuata yule mwalimu, akamwomba kwa adabu amwite kwa jina lake la ubatizo, na lile jingine alifute kabisa.

Insha hii imezaliwa na ombi hilo. Mtu kuomba jina lake lifutwe si jambo dogo, na anayefikia hapo huwa amesukumwa. Nataka basi kubishana na hao wanaosukuma. Nikiyakusanya maneno yao yote nayaona mashtaka matatu: kwamba jina hili lachekesha, kwamba ni jina la mwanamke mbaya, na kwamba ni jina la kizamani ambalo halina faida kwa msichana wa leo. Nitayajibu moja baada ya jingine, nawe msomaji uwe hakimu.

Shtaka la kwanza ni jepesi, maana limetokana na kosa la maandishi. Jina lenyewe kwa Kikuyu ni Wangũ, na ile alama ndogo juu ya herufi ya mwisho si pambo. Huonyesha sauti iliyo karibu zaidi na "o" ya Kiswahili kuliko "u". Rejista zetu aghalabu haziandiki alama hiyo. Ikidondoka, jina huingia katika nyumba ya Kiswahili bila kubisha hodi, likawa "wangu", yaani mali yangu. Hapo ndipo wajinga hupata kicheko chao. Lakini ngũ kwa Kikuyu ni kuni. Masikioni mwa Mkikuyu, Wangũ ni "wa kuni", kama vile Wangari lilivyo "wa chui", kwa kuwa ngari ni chui, na kama Nyambura lilivyo na mvua ndani yake, kwa kuwa mbura ni mvua. Je, kuni ni kitu cha kuchekwa? Katika miinuko yetu, ambako baridi ya Aberdare hushuka jioni hata mikono ikafa ganzi, nyumba isiyo na kuni haina uji, haina maji ya moto wala mazungumzo. Mtu aliyeitwa kwa kuni ameitwa kwa kitu kinachowakusanya watu.

Shtaka la pili ni zito, nalo ndilo lililomwinamisha msichana kichwa. Husemwa ya kwamba zamani Wakikuyu walitawaliwa na mwanamke katili, jina lake Wangu wa Makeri, aliyekuwa akiketi juu ya migongo ya wanaume. Kwamba wanaume walipochoka walifanya shauri wakawapa wanawake wote mimba kwa wakati mmoja. Na kwamba wanawake walipolemewa, utawala ukapinduliwa. Hadithi hii husimuliwa vilabuni, garini, na hata darasani. Mwanamke yeyote anayesema neno kwa ujasiri huambiwa, "Usitufanyie u-Wangu wa Makeri." Hivi ndivyo jina lilivyogeuzwa tusi.

Lakini hapa zimeshonwa hadithi mbili kama viraka vya nguo mbalimbali. Ile ya wanawake kupinduliwa kwa hila ya mimba ni ngano ya kale sana. Jomo Kenyatta aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1938, *Facing Mount Kenya*, kama habari ya nyakati za mwanzo wa kabila. Wangu wa Makeri hakuwa mtu wa ngano. Alikuwa mke wa Makeri, nyumbani kwao Weithaga, si mbali na Kangema, na mwaka 1902 aliwekwa kuwa mkuu wa eneo hilo katika utawala mpya wa Waingereza. Aliyemwinua ni Karuri wa Gakure, chifu mkubwa wa Tuthu, huko juu karibu na msitu. Wangu hakuitawala nchi yote ya Wakikuyu, bali eneo moja. Hakupinduliwa kwa mimba. Aliacha kazi mwaka 1909, baada ya fitina iliyotokana, kama inavyosimuliwa, na kucheza kibata, ngoma iliyokuwa ya wanaume, na nguo yake ikamvuka mbele ya watu. Kati ya ngano ile na mwanamke huyu pana umbali wa vizazi visivyohesabika. Anayewachanganya hasimulii historia; anapika chuki kwa viungo viwili.

Sitaki nionekane namtakasa. Wangu alikuwa mkono wa serikali ya kikoloni. Kazi yake ilikuwa kukusanya kodi ya nyumba na kuwashurutisha watu kwenda kazini, na masimulizi ya migongo iliyogeuzwa viti yametufikia kwa wingi mno hata siwezi kuyapuuza. Kodi ile ilikuwa mzigo, na aliyeitoza kwa dharau alikosa. Wala cheo chake peke yake si sababu ya kumsifu. Mwenye kumhukumu kwa matendo yake na amhukumu. Hiyo ndiyo kazi ya historia.

Ninalolipinga ni mizani yenye sahani moja. Machifu wa kiume wa zama zile walikusanya kodi iyo hiyo kwa serikali iyo hiyo. Karuri mwenyewe ndiye aliyekuwa bwana wa Wangu, na kabla ya hapo, tangu mwaka 1898, alishirikiana na mfanyabiashara Mwingereza, John Boyes, ambaye baadaye aliandika kitabu akajiita mfalme wa Wakikuyu. Je, umepata kusikia mvulana aitwaye Karuri akichekwa darasani kwa ajili ya chifu wa Tuthu? Umesikia mwanamume mkali akiambiwa, "Usitufanyie u-Karuri"? Mimi sijasikia. Majina ya wanaume yameachwa yaendelee na safari, na kosa la mwanamke mmoja limetundikwa shingoni mwa kila msichana mwenye jina lake. Kama sababu ya kuchukia ni ukatili, basi tuwachukie wakatili wote. Kama ni uanamke, tuseme wazi, ili ajulikane anayetukanwa.

Tena angalieni ni nani hasa anayetukanwa. Kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, wa pili hupewa jina la mama wa mama yake, na wanaofuata hupewa majina ya shangazi na mama wadogo. Baba aliyempa bintiye jina la mama yake mzazi huweza kumwita "maitũ", yaani mama yangu, hata akiwa bado mchanga. Yule msichana wa Kangema hakuitwa kwa ajili ya Weithaga ya mwaka 1902. Ameitwa kwa ajili ya bibi yake, pengine kikongwe aliyechuma majani chai kwa miaka mingi ili baba yake asome. Mvulana aliyecheka alidhani anamcheka mwenzake wa darasa. Kumbe alimcheka mama wa mtu. Kama angelifanya hivyo uso kwa uso, nyumbani kwa bibi huyo, wazee wangelimtoza faini.

Nafika shtaka la tatu, kwamba jina hili ni adimu na la kizamani, basi na life. Desturi yetu ya kurithishana majina ilifanya kazi vizuri wakati nyumba zilipokuwa na watoto wengi. Utafiti wa uzazi wa mwaka 1977 na 1978 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto wapatao 8. Ule wa mwaka 2022 ulipata wastani wa 3.4. Silalamiki, maana watoto wachache hulishwa na kusomeshwa vyema zaidi. Lakini fanyeni hesabu. Katika nyumba ya watoto wanane, wasichana huweza kuwa wanne, na bibi wote wawili pamoja na mashangazi wakapata wa kuwarithi. Katika nyumba yenye binti mmoja, jina la bibi wa upande wa mama hubaki nje, achilia mbali la shangazi. Jina la Wanjiru likikosa nafasi katika nyumba hii, litapata katika nyumba kumi za jirani. Jina adimu halina nyumba kumi. Likikosa nafasi mara mbili tatu, mto na kilima kizima hubaki bila mtu wa kuliitikia. Na pale ambapo lilipata nafasi, likafukuzwa kwa kicheko, nani atampa mjukuu jina ambalo mama mtu aliliomba lifutwe?

Wengine watasema jina si kitu. Warudini kwenye ile ngano wanayopenda kuinukuu, wasome mwisho wake, ambao vilabuni hausimuliwi. Baada ya kutwaa utawala, wanaume walitaka pia kuyabadili majina ya koo, yaliyokuwa ya wanawake. Hapo wanawake walikataa katakata, wakatishia kutozaa tena. Wanaume wakashindwa. Ndiyo maana hata leo koo zetu zinaitwa kwa majina ya binti za Mumbi. Utawala waliukubali uondoke, lakini jina hawakuliachia.

Wala msidhani kwamba tusi haliwezi kuoshwa. Mwaka 1989 mwanamke mmoja mzaliwa wa Nyeri alipinga jengo la orofa sitini lililotaka kusimamishwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Wabunge walimkejeli, wakamwona mwanamke asiyejua mipaka yake. Jengo halikujengwa. Mwaka 2004 mwanamke huyo, Wangari Maathai, alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alipokuwa shule ya wamisionari aliitwa Mary Josephine. Baadaye alirudia Wangari, na kwa jina hilo dunia ikamjua. Kazi yake ya kupanda miti, iliyoanza mwaka 1977, ilianza kwa kuwasikiliza wanawake wa vijijini waliolia kwamba hawana maji, na hawana kuni. Wa chui aliwatafutia watu kuni. Nani basi atamcheka wa kuni?

Nimewashtaki wengine, haki yataka nijishtaki na mimi. Siku ile nilikuwa nimeketi nyuma ya darasa na kalamu mkononi. Nilimwandikia yule kijana alama za sauti, za ubao na za matumizi ya wakati. Kuhusu kicheko sikuandika neno, wala sikusimama. Mwalimu akinyamaza, wanafunzi hudhani ameafiki.

Kwenu ninyi mnaosoma, ombi langu ni fupi. Mkisikia jina msilolijua, ulizeni maana yake kabla hamjacheka. Mkiwa makarani wa darasa, iandikeni ile alama ndogo juu ya herufi. Siku moja mtakuwa wazazi. Bibi mwenye jina adimu akiwa bado hajapata wa kumrithi, mkumbukeni kwanza yeye. Na wewe binti, popote ulipo, ukisikia jina lako likiitwa, inua kichwa, uitike.