Mbwa Hajaajiriwa Kumlea Mwanao

Jumamosi moja jirani yangu hapa Sogea alirudi nyumbani na boksi la biskuti. Ndani yake mlikuwa na mtoto wa mbwa, mweusi, mwenye doa jeupe kifuani, anatetemeka kwa baridi ya Tunduma. Akamkabidhi binti yake wa miaka 7. "Huyu ni wako. Utamlisha, utamwogesha, utafagia anapolala. Ujifunze majukumu." Sisi watu wazima tuliokuwa barazani tukaitikia kwa vichwa, tumeridhika kama wazee wa baraza waliomaliza kesi. Niliitikia na mimi. Nimejuta, na makala hii ni namna yangu ya kufuta ule mwitikio.

Imani yenyewe unaijua: mpe mtoto mnyama, atapevuka. Utaisikia kwa mwalimu, kwa mzee wa kanisa, hata kwa dereva wa lori anayesubiri foleni isogee avuke mpaka kwenda Nakonde, ambaye amemnunulia mwanawe sungura njiani. Inapendeza masikioni. Lakini mnyama hafundishi chochote. Mnyama anakula, ananya, anaugua, na asipoangaliwa anakufa. Anayefundisha ni mtu mzima aliyesimama pembeni. Mtu huyo asipokuwepo, mtoto atajifunza jambo moja tu, kwamba kiumbe kinaweza kulia njaa usiku kucha na nyumba nzima ikalala.

Najua jibu linakuja: "Mbona sisi tulichunga tangu tuna miaka 6, na tukakua?" Haya, tuseme tulivyokua. Kijijini kwetu Mbozi bibi yangu alifuga simbilisi jikoni, kama nyumba nyingi za Nyanda za Juu Kusini. Aliyepata kuingia jiko la namna hiyo anajua wanavyopiga miluzi wakisikia majani yanaburutwa mlangoni. Simbilisi ana udhaifu mmoja anaofanana nasi: mwili wake hautengenezi vitamini C, kwa hiyo ukimlisha pumba kavu tu anadhoofika. Bibi hakujua neno vitamini. Alijua kwamba majani mabichi hayakosi siku hata moja, mvua ikinyesha au isinyeshe, na jioni alinishika mkono tukaenda kukata. Yeye anakata, mimi nabeba. Baadaye mimi nakata, yeye anaangalia nisichanganye na majani mabaya. Jike mmoja alipobeba mimba na kuzaa (huchukua kama miezi 2, na watoto hutoka na manyoya yao, macho wazi, wanakimbia siku hiyo hiyo), ndipo bibi akasema wawili ni wangu. Miezi yote hiyo nilikuwa nimeshafanya kazi bila kumiliki hata mkia, na simbilisi wenyewe hawana mkia.

Kwa bibi kazi ilitangulia, mnyama akafuata. Sisi wa mjini tumegeuza: tunaanza na mnyama, kisha tunasubiri kazi ijifunze yenyewe.

Na tazama tunakompeleka mnyama huyo. Mama ametoka alfajiri kwenda sokoni, baba yuko mpakani na mizigo ya watu, wote wanarudi giza limeingia. Nyumba ni ya kupanga, wapangaji sita, bomba moja, uzio hakuna, na barabara kuu ya Zambia haiko mbali. Wiki ya kwanza mtoto anamlisha mbwa mara kumi kwa siku. Wiki ya tatu mbwa ni wa dada wa kazi, ambaye hakuulizwa na wala hakuongezwa mshahara. Mwezi wa tatu mbwa anajitafutia jalalani. Tukiulizwa, tunasema mtoto ni mvivu. Mtoto wa miaka 7 hana uvivu hapo, ana miaka 7. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inaweka wajibu wa kumtunza mnyama, na sidhani kuna hakimu atakayemwita kizimbani mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Kuna dhambi nyingine tunayoitenda huku tukitabasamu. Mtoto anapewa kifaranga, anakipa jina, anakilinda na mwewe, kinakuwa tetea. Siku mjomba anaposhuka kwenye basi kutoka Mbeya, tetea yuko sufuriani. Kifaranga kilikuwa cha mtoto, kuku akawa wa baba. Mtoto akilia anaambiwa aache utoto. Kisha mzazi huyo huyo anashangaa kwa nini mwanawe hajali tena mfugo wowote.

Lakini hayo yote ni madogo. Ninalotaka kulisema linahusu meno.

Nikiwa na miaka 9 nilikuwa na mbwa niliyeambiwa ni wangu. Chanjo hakuwahi kuchomwa, na sikumbuki mtu kuuliza. Alining'ata nyuma ya mguu nilipomnyang'anya mfupa. Jino moja, tundu moja, damu kidogo. Wiki chache kabla nilikuwa nimechapwa kwa sababu mwewe alibeba kifaranga nikiwa nacheza, kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi: nikisema, nitachapwa mimi, na mbwa wangu atauawa. Nikavuta soksi juu. Nilinyamaza siku zote mpaka kidonda kikapona. Yule mbwa aliendelea kuishi, ndiyo maana naandika. Mbwa aliyekuwa na ugonjwa wa kichaa wakati anang'ata kwa kawaida hafikishi siku 10 akiwa mzima. Mimi sikulijua hilo. Sikuwa jasiri wala mwerevu, nilikuwa na bahati.

Wapo wasioipata. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, na makadirio yanayotajwa mara nyingi kwa Tanzania ni vifo kama 1,500. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, hakuna tiba ya kutegemea. Kabla ya hapo iko, tena si ya ajabu: osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha siku hiyo hiyo nenda kituo cha afya uanze chanjo. Virusi huchukua kwa kawaida miezi 2 au 3 kabla ya kuonyesha dalili, kwa hiyo muda wa kuokoa upo. Ila muda huo wote uko mikononi mwa mtoto aliyevuta soksi juu.

Mwezi Julai 1885, jijini Paris, chanjo ya kichaa cha mbwa ya Louis Pasteur ilichomwa kwa mtoto wa miaka 9 aitwaye Joseph Meister, aliyekuja na mama yake kutoka Alsace. Joseph alikuwa na majeraha 14 ya meno ya mbwa. Majeraha 14 hayafichiki. Tundu moja linafichika vizuri sana, na mkwaruzo wa mbwa mdogo ambaye "bado ni mtoto, haumi" unafichika zaidi.

Kwa hiyo ukiniuliza kama mwanao yuko tayari kwa mbwa, sitakuuliza miaka yake, wala kama anatandika kitanda. Nitakuuliza jambo moja: akivunja kikombe leo, anakuja kukuambia, au anafukia vipande nyuma ya choo? Anayefukia vipande atafukia na meno ya mbwa. Na kama anafukia, usimlaumu yeye. Amekusoma. Amejifunza kwamba katika nyumba yenu ukweli unalipwa kwa fimbo.

Hapo ndipo ile imani inapogeuka hatari. Tunamkabidhi mtoto mnyama na lawama zote za mnyama huyo. Mbwa akipotea, kosa lake. Kuku akifa, kosa lake. Mbwa aking'ata, kosa lake, "ulimchokoza." Tunaita kumfundisha majukumu, kumbe tunamfundisha kunyamaza.

Sisemi watoto wa Tunduma wasifuge. Mtoto anayelala akisikiliza simbilisi wakitafuna ana utajiri ambao sitaki kumnyima mtu. Nasema mnyama awe wa mtu mzima mwenye jina, anayejua bwana mifugo wa kata anapatikana wapi, aliyempeleka mbwa kuchanjwa akifikisha miezi 3 na atakayemrudisha kila mwaka. Mtoto awe msaidizi, na siku akisahau maji, mwenye mnyama ayajaze bila kelele, kisha wazungumze.

Yule jirani yangu nilimfuata juzi nikamweleza haya yote. Akacheka, akasema nasoma sana. Mbwa amefungwa kamba kwenye mpapai, amekua, chanjo bado. Binti alikuwa amekaa kibarazani, nikamuuliza kama mbwa amewahi kumng'ata. Akamtazama baba yake kwanza, ndipo akajibu hapana.

Jirani, kama unasoma hapa, mchukue mbwa umpeleke akachanjwe, na umwangalie mtoto mikono na miguu. Usiende na fimbo.