Namba ya mtoto si ya mtu mzima

Mzazi mwenzangu, wiki hii tusome pamoja majibu ya kipimo cha usingizi. Tafuta namba inayoonyesha ni mara ngapi kwa saa pumzi ilikatika au ilipungua mtu akiwa amelala.

Kwa mtu mzima, chini ya 5 ni kawaida. 5 hadi 14 tatizo ni dogo, 15 hadi 29 ni la wastani, kuanzia 30 ni kubwa. Mtoto hapimwi hivyo: kwake ikizidi 1 tu, si kawaida. Kwa hiyo 4 inayomtuliza baba isikutulize ukiiona kwenye karatasi ya mwanao.

Lakini namba peke yake haiamui tiba. Mweleze daktari kama mtoto anakoroma, anakojoa kitandani au anasinzia darasani. Akiwa na mafindofindo makubwa na nyama za puani, mara nyingi tiba ya kwanza ni upasuaji wa kuviondoa. Mtu mzima mwenye tatizo kubwa kwa kawaida hupewa mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa, kila usiku alalapo.

Kabla hujatoka kliniki, uliza: “Daktari, namba hii imesomwa kwa viwango vya mtoto?” Usione haya. Ni pumzi ya mwanao.